Aliyeimba Nyuma ya Mkokoteni

Pale soko la nafaka kila mtu alimwita Trekta. Wapakiaji ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi alivyokuwa akivuta mkokoteni wa magunia ya mahindi kutoka ghalani hadi kwenye mashine ya kusaga, juu kabisa ya mlima, bila kutua njiani. Alikuwa mtu wa sala zake, mpole kupita kiasi. Mkewe alimtania kwamba hata mbu humfukuza kwa kumwomba radhi.

Nyuma alisukuma mdogo wake, wa tumbo moja. Mama yao alipofariki Trekta ndiye aliyemlea, na shule ilipomshinda akamwita washike mkokoteni pamoja. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Wa mbele hujifunga mkanda kifuani, macho barabarani. Wa nyuma huweka bega kwenye magunia. Wa mbele hamwoni wa nyuma, anamwamini tu. Mlimani ndugu hawa walizoea kuimba nyimbo za ibada, mkubwa akianzisha na mdogo akiitikia, hata wenye maduka wakawa wanawangoja wapite.

Kisha ukaja mwaka ambao mapaja ya Trekta yaligoma. Akifika tu kwenye kona ya fundi viatu, moto unawaka juu ya magoti, pumzi inakata, miguu inakuwa kama uji. Kuanzisha wimbo hakuweza tena. Mdogo wake akaupokea, akawa anauimba peke yake mwanzo hadi mwisho, kwa sauti tamu. Trekta alimshukuru Mungu kwa ndugu anayemtia moyo hivyo. Wakifika juu, mdogo humpa maji na kumwambia taratibu, "Kaka, ni umri huo. Niachie mkokoteni, nitafute mwenzangu wa rika langu. Umeshatufanyia ya kutosha."

Trekta alikuwa karibu kukubali. Mkewe ndiye aliyekataa, akasema kwanza akapimwe.

Pale zahanati palikuwa na mama mmoja mtaalamu wa viungo, mcheshi. Alimbinya mapaja, akampa mfuko wa mchanga begani, akamwambia apande ngazi huku akimsimulia habari za watoto wake. Trekta alifika juu akiwa bado anasimulia.

Yule mama akacheka, akamkalisha. Akamweleza kwamba msuli umefumwa kwa nyuzi za namna mbili. Zipo za polepole, nyekundu, zinazotumia hewa anayovuta mtu kuunguza mafuta na sukari kidogo kidogo, kama mkaa uliofunikwa majivu. Hizo hufanya kazi kutwa bila kulalamika. Zipo na za haraka, zenye nguvu nyingi, ambazo huamka mzigo ukizidi. Hizo huteketeza sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli bila kungoja hewa, kama karatasi motoni, na haziwezi kudumu. Zikishika kazi, paja linawaka na mtu hata kuongea hawezi.

"Nyuzi zako za polepole ni nzima, baba," alisema. "Mlimani kuna kitu kinakuzidishia mzigo. Huyo anayesukuma nyuma, naye anahema kama wewe?"

Trekta alifungua kinywa aseme kwamba huyo huwa anaimba. Akakifumba.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Walianza kupanda, na wimbo nao ukaanza. Safari hii Trekta aliusikiliza: ubeti baada ya ubeti, hakuna mahali sauti ilipokatika. Kwenye kona ya fundi viatu akasukumia jiwe chini ya gurudumu kwa mguu, akafungua mkanda, akazunguka nyuma.

Mdogo wake alikuwa ameweka viganja juu ya gunia kama mtu aliyeegemea dirisha. Shati lake kavu. Kwenye tope, nyayo za Trekta zilikuwa zimechimba kwa vidole. Za mdogo wake zilikuwa bapa, safi, nyayo za mtu anayekwenda ibadani.

"Vipi kaka, umechoka?"

"Kumbe ulikuwa unanisindikiza," Trekta alisema.

Mdogo alijaribu kucheka, kicheko kikamfia. Akasema, akiangalia chini, kwamba rafiki yake alishaahidiwa nafasi. "Sikutaka kukufukuza, kaka. Nilitaka uache mwenyewe."

Fundi viatu aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta sindano.

Trekta hakumtukana. Alishusha nusu ya magunia, akayapanga kando ya ukuta. "Kaa uyalinde," akasema. "Na huyo rafiki yako mwambie atafute mkokoteni mwingine. Huu bado nina miguu ya kuuvuta."

Akajifunga mkanda, akapanda polepole, hatua za mtu asiye na haraka. Mapaja hayakuwaka. Pumzi ilikuwepo, ya kutosha hata kuimba, akajaribu kuanzisha ule wimbo kama zamani. Alifika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza, akavuta.