Nyasi za Kaburi la Obiero

Tarehe 9 Aprili 1988, Jumamosi. Mvua ilikatika alfajiri, mawingu bado yamelala juu ya Pap Onditi.

Nilitoka nje nikakuta nyasi nilizopanda jana juu ya kaburi la mume wangu zimefukuliwa zote. Kuku tisa walikuwa hapo wanachakura.

Na banda nilikuwa nimelifunga kwa waya. Mimi mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Obiero alizikwa uani, kama desturi yetu. Lakini udongo wa huku kwetu Nyakach ni mwepesi, mvua ikija unaondoka nayo. Kaburi lilikuwa limeanza kubonyea. Mwalimu wetu wa gumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima, alitufundisha kwamba mizizi ya nyasi hushika udongo. Nikamwomba Mungu, nikapanda.

Siku hiyo nikapanda tena. Mimi ni mzaliwa wa Dunga, kwa wavuvi wa ziwani, na kwetu kila kitu hufunikwa kwa wavu. Nikaleta wavu mkuukuu wa omena, wale dagaa wa ziwani, nikautandaza juu.

Sikuuosha.

Vichwa vya omena vilikuwa vimenasa humo, vimekauka. Kufika saa sita, hata kuku wa majirani walikuwa wamefika.

Absalom, ndugu wa marehemu, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umewapakulia chakula, na kitambaa cha meza umewatandikia."

Jumapili nilifunga, nikaomba. Jumatatu niliamka mapema kumvizia huyo mfungua waya.

Alikuwa mama mkwe wangu, Dorca. Aliwafungulia kuku, kisha akaketi kizingitini, amefumba macho.

"Mama, kwa nini?"

"Nyar Dunga," aliniita, yaani binti wa Dunga, "Obiero alikuwa akilima mapema, mimi bado nimelala. Hawa wakichakura, nasikia jembe lake."



Mvua ya Jumanne ilibeba udongo wote wa juu. Kaburi likawa shimo la kufika magotini. Nyasi hazikushika, na sikupanda tena.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa naomba nyasi, mwenzangu anaomba jembe. Kabla hujamlaumu Mungu kwa kunyamaza, muulize unayeishi naye anaomba nini.

Jumatano akina mama wa kanisa walikuja kutuombea. Mbele yao, na Absalom akisikia, nilimshika Dorca mkono.

"Mama, banda sitalifunga tena. Kila mvua ikibeba udongo, nitaujaza, mpaka siku nitakaposhindwa kuinua karai."