Lori Lazima Lifike Mlangoni

Jumapili, Melkizedek Komba hawashi redio. Kuanzia saa tano asubuhi huweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango, mahali ambapo mtandao wa Kimamba haukatiki, kisha hukaa kwenye kigoda na kufanya kazi isiyo na kelele: kunoa jembe, kuchambua maharage. Saa sita kasoro simu huita. Huko milimani, juu ya kijiji kinachoitwa Ulaya, hukuhuku Kilosa, mkewe Costancia ametoka kwenye ibada na kupanda mwamba ulio nyuma ya kigango, mahali pekee katika kijiji cha Lugunga panapopatikana mtandao. Huzungumza robo saa, si zaidi, kwa sababu chini ya mwamba kuna foleni.

"Umekula nini?" Costancia huanza hivyo.

"Ugali."

"Na nini?"

"Maharage."

"Na jana?"

"Mama Brightness, si unajua."

Costancia aliondoka Kimamba Novemba, mwaka juzi, na begi la nguo za wiki mbili. Mama yake, Hildegarda, alikuwa ameanguka shambani na mguu wa kushoto ukagoma kukanyaga. Ndugu wengine hawakuwepo. Wiki mbili zikapita, ikaja Krismasi, yakaja masika, mahindi ya bibi yakahitaji mtu. Blauzi yake ya kijani imebaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Mara moja kwa mwezi Melkizedek huifua, kwa sababu ya vumbi, huianika, kisha huirudisha kwenye msumari uleule.

Yote yangekwisha kama Hildegarda angekubali kushuka akae kwa binti yake, ambako ardhi ni tambarare na hospitali haiko mbali. Hakukataa. Aliweka masharti mawili. La kwanza, hashuki akiwa amelala. Lugunga mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kitandani na wanaume wanane mpaka chini ya mlima. Mumewe alishushwa hivyo na akarudishwa ndani ya sanduku. Pikipiki nazo haziwezi, mguu haukunjiki. Sharti la pili lilimhusu mkwewe, na lilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Kwa watu wa Lugunga, binti huchukuliwa mlangoni kwa mama yake. Hachukuliwi barabarani. Siku ya harusi, Melkizedek, kijana wa kambi ya mkonge ambaye babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, alikwenda kumchukua mkewe kwa lori aliloazimwa, na lori likakwama chini ya Mwinuko wa Msalaba. Costancia aliteremka mlima kwa miguu, viatu vyeupe mkononi, shangazi yake akimfuata na sanduku la nguo kichwani. Hildegarda alibaki mlangoni. "Mkwe wangu hajafika," alisema siku ile, na tangu hapo hajaibadilisha kauli. Anampokea, anampikia, anamtumia ndizi. Lakini hajafika. Sasa, alipoulizwa kuhusu kushuka, alijibu kwamba atashuka amekaa, ndani ya gari la mkwe, kutoka mlangoni kwake.

Leo Melkizedek ana lori lake, la tani mbili na nusu, analobebea mpunga na mahindi kutoka Mvumi na Kimamba kwenda Kilosa. Amelipeleka Mwinuko wa Msalaba mara tatu. Kiangazi alikuta kokoto, masika akakuta tope, na matokeo yalikuwa yaleyale: kwenye kona ya katikati, nyuma ya lori huanza kurukaruka kama kuna mtu anaipiga nyundo kutoka chini, na yeye hulazimika kuondoa mguu. Mara ya tatu hakuwahi kuuondoa. Shafti ikakatika.

Jumapili ya mwisho ya Februari, Costancia hakuuliza kuhusu chakula.

"Mvua za kwanza zikishuka nitapanda shamba la mama," alisema. "Siwezi kuliacha, tutakula nini? Na nikishapanda, sitoki mpaka yakomae."

"Agosti."

"Agosti, halafu kuvuna, halafu Brightness yuko likizo, halafu vuli. Baba Brightness, nimechoka kuwa mke wa Jumapili."

Jumatatu alfajiri Melkizedek alikuwa njiani kwenda Mikumi.

Mafundi wa Mikumi wanaishi kwa malori ya masafa marefu yanayopita barabara kuu, na huwa hawana haja ya kubembeleza mteja. Fundi Kondo, mwenye umri kama wake, alilala chini ya lori akamwamuru avute breki ya mkono, aingize gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu. Kisha wakabadilishana, Kondo juu, Melkizedek chini. Ndipo alipoona. Difu yote, lile fumba la chuma linalopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, liliinua pua yake kama mbwa aliyesikia harufu, na springi zikapinda pamoja nalo.

"Injini inasukuma," Kondo alieleza, "lakini badala ya kuzungusha matairi, difu inajizungusha yenyewe. Springi zinavumilia, zinavumilia, zikichoka zinaiachia. Ndiyo huko kuruka. Miaka yote unamlaumu dereva."

"Dereva ni mimi."

"Basi muombe radhi."

Dawa yake ilikuwa mikono: chuma kimoja kila upande, kutoka chini ya difu kwenda mbele mpaka kwenye chasisi, chenye bushi za mpira kila mwisho ili kiweze kucheza. Difu ikitaka kuinuka, mkono unaikataza. Lakini uwanjani kwake trela zilikuwa zimepanga mstari wa wiki tatu. Kondo alichora mchoro kwenye kipande cha boksi, akatafuta bushi nne na bolti zake.

"Fanya nyumbani. Una mtu wa kuchomelea?"

"Jirani yangu."

"Huwa anachomelea nini?"

"Madirisha."

Kondo alimkabidhi bushi. "Haya," akasema.

Jirani huyo ni Vitalis, mtu mnene, mcheshi, ambaye nusu ya nyumba za Kimamba zina madirisha yake. Walifanyia kazi kwenye sakafu ya zege iliyobaki kutoka jiko la kambi, nyuma ya nyumba ya Melkizedek, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee iliyonyooka. Chuma kilikuwa mabomba mawili mazito yaliyotoka kwenye mtambo wa zamani wa mkonge, uliouzwa vipande vipande kama chakavu. Melkizedek aliyakata, akayapiga msasa mpaka yakang'aa, akachomoa waya wa betri kabla moto haujagusa chasisi, kama alivyoagizwa.

"Jirani, lori unalitengenezea magongo?" Vitalis aliuliza.

"Mikono."

"Mimi nilijua magari yana miguu tu. Na huyo mama mkwe akishafika hapa, mikono yenyewe si itakuwa ya kukunyoosha wewe?"

"Aje aninyooshe. Atakuwa amekuja na mwanawe."

Vitalis aliacha utani. Alikubali kuingia chini ya lori kwa sharti kwamba linyanyuliwe juu sana. "Nina watoto wanne na tumbo hili," alisema. Kwa hiyo walilipiga jeki, wakaegemeza chasisi juu ya magogo, na matairi ya nyuma yakabaki yananing'inia hewani. Katika hali hiyo wakapima mara mbili, Vitalis akapima ya tatu, wakaandika kwa chaki, wakachomelea moja kwa moja. Mshono ulikuwa safi, laini, hauna povu. Vitalis alikuwa amefanya kazi kwa uaminifu wote wa fundi wa madirisha, na dirisha, ukishalipima, halibadiliki.

Ijumaa waliliteremsha. Melkizedek alipakia mifuko minane ya mchanga, uzito wa kuyafanya matairi yashike mlimani. Lori lilikataa kukaa. Nyuma ilibaki juu, imekakamaa, na alipozunguka nalo uwanja mara moja tu, bushi mbili za mbele zilikuwa zimetokeza nje kama ulimi wa mbuzi.

Alimpigia Kondo. Kondo alicheka kwanza, akajibu baadaye.

"Mlipima likiwa wapi?"

"Juu ya magogo."

"Matairi yananing'inia?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe unampima mtu suruali huku anabembea mtini? Lori hupimwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake mgongoni. Likishuka, difu inapanda, vipimo vyote vinahama. Kateni mrudie."

Jumamosi mawingu yalikaa juu ya milima kutwa nzima. Jumapili, saa sita kasoro, sauti ya Costancia ilikuja na upepo mwingi.

"Imenyesha juzi na jana. Majirani wameshaingia mashambani. Mbegu nimezichambua."

"Nipe mpaka Jumatano."

"Jumatano asubuhi naingiza jembe."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini unakuja?" Kisha, kabla hajajibu: "Usijibu. Ukijibu nitasubiri vibaya."

Foleni ilikuwa inamwita. Akakata.

Melkizedek alikata mikono kwa grinda jioni hiyohiyo, kwa taratibu, ili asile chuma cha chasisi. Jumatatu walipanga mbao nene kama ngazi, wakaliendesha lori likapanda magogo kwa matairi yake yote, mchanga ukiwa mgongoni, springi zimelala kama zitakavyolala njiani. Nafasi chini ilitosha mtu mnene, lakini sasa uzito wote ulikuwa juu yake. Vitalis alivua kofia.

"Wanangu wakiuliza, waambie nilikufa kwa ajili ya mapenzi. Ya watu wengine."

Safari hii walishikiza mikono kwa nukta nne tu za kuchomelea, wakazunguka nalo, wakarudi kutazama. Bushi zilikuwa kimya mahali pake. Ndipo Vitalis alipomalizia mshono. Jumanne Melkizedek alikaza bolti, akapaka rangi nyeusi, akafagia kabini, akafunika kiti kwa shuka ya maua. Kabla ya kuondoka Jumatano alfajiri alirudi ndani, akaichukua ile blauzi kwenye msumari, akasimama nayo, kisha akairudisha.

Mwinuko wa Msalaba aliufikia saa mbili. Tope lilikuwa jekundu, na maji yalikuwa yameanza kuchimba mfereji upande wa kushoto. Aliingiza gia ya kwanza. Kwenye kona ya katikati nyuma iliteleza kidogo, naye akasubiri nyundo. Miguu yake yenyewe ilikuwa imezoea kuisubiri. Wa kulia ulishaanza kuinuka. Aliulazimisha kubaki. Chini yake chuma kilitoa mlio mmoja, mfupi, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema, na matairi yakauma ardhi. Yalizunguka, yakarusha tope, yakazunguka. Hayakuruka. Msalaba wa mbao wa juu ulipita dirishani kwake, na kwa mara ya kwanza aliuona kutoka kwenye usukani: ulikuwa mdogo kuliko alivyouona miaka yote kwa miguu.

Costancia alikuwa ukingoni mwa shamba, jembe begani, mfuko wa mbegu kiunoni. Alikuwa bado hajapiga hata shimo moja. Aliposikia lori hakukimbia. Alilaza jembe chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akafungua mfuko wa mbegu kiunoni, akaukabidhi kwa jirani wa shamba la pili. Kisha akatembea mbele ya lori mpaka uwanjani, akilionyesha njia ambayo haikuwa na uwezekano wa kupotea.

Hildegarda alikuwa kwenye kiti mlangoni, kitenge kimefunika mguu. Kwa heshima ya mkwe aligeuza uso pembeni.

"Shikamoo, mama," Melkizedek alisema kutoka mbali.

"Marahaba." Kisha kwa binti yake: "Mwambie mumeo azime. Linatisha kuku."

Akazima.

"Mwambie asogee. Nimesema mlangoni. Hapo ni kwenye kuku."

"Mama, hatua nne hizo!"

"Nimesubiri miaka ishirini na miwili, ndiyo nihesabiwe hatua?"

Melkizedek aliwasha tena, akasogea mpaka bampa likakaribia kizingiti. Hildegarda aliupima umbali kwa macho. "Sasa mkwe amefika," alisema, akimwambia ukuta.

Walipakia godoro, masufuria, kuku watano. Shamba likaachiwa jirani alime kwa nusu ya mavuno. Katika kabini hakukuwa na mashaka ya nani akae wapi: mama mkwe hagusani bega na mkwewe, kwa hiyo Hildegarda alikaa dirishani, na Costancia katikati. Gia ya lori hilo iko karibu na goti la anayekaa katikati. Melkizedek alibadilisha gia polepole kuliko ilivyohitajika. Walipoupita mwamba wa nyuma ya kigango, Costancia aliutazama mpaka ukaisha.

Juu ya mwinuko, kabla ya kona ya kwanza, Hildegarda aliinama kuelekea kioo cha pembeni.

"Muulize mumeo. Hiki kioo kinaangalia wapi?"

"Kinaangalia nyuma, mama."

"Nyuma ya nani? Mimi naona tairi na tope."

Kimewekwa kwa jicho la dereva. Melkizedek alivuta breki, akaweka jiwe chini ya tairi, akazunguka mpaka dirishani kwa Hildegarda. Alikishika kioo kwa mikono miwili, akakigeuza kidogo, akasubiri. Kupitia dirisha alimwona bibi anavyonyoosha shingo, akitafuta. Mlimani juu, bati la nyumba yake lilikuwa limeshika jua kati ya migomba.

"Bado," Hildegarda alisema. "Juu kidogo. Umepitiliza. Rudisha." Hakuwa akimwambia binti yake tena. "Hapohapo, mkwe. Hapohapo. Kaza."

Alitoa spana mfukoni, akakaza. Kisha akarudi kwenye usukani na kuteremka Mwinuko wa Msalaba bila msaada wa kioo cha kushoto.