Mwigizaji wa Mama kwenye Mlango wa Mizigo

Mama yangu alimpenda mwigizaji mmoja wa Kihindi kabla hajampenda baba, na baba alilijua hilo. Mama alianza kumtazama katika majumba ya sinema ya Mombasa, enzi hizo kijana anaimba mlimani vifungo vya shati viko wazi. Akamfuata kwenye kanda za video alipogeuka polisi, kisha kwenye tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, alipokuwa baba mkali wa bwana harusi. Kila alipouawa, mama alilia. Baba alipofariki alilia pia, lakini kilio kile nilikuwa nishakisikia.

Basi tulipoambiwa kwamba huyo bwana atafikia kwenye hoteli ninayolinda, West Bay, hapa Doha, nilifanya kosa la kumwambia mama kwenye simu.

"Mwanangu, picha sitaki," akasema. "Nipatie salamu tu, kwa sauti yake mwenyewe. Niisikie kabla sijafa."

Mama hakuwa mgonjwa. Lakini kwa miaka sita niliyokaa Doha hakuwahi kuniomba kitu kingine, na hiki nilitaka kumpa hata kazi iende. Na ingeenda kweli. Supavaiza wetu, Mganda mpole asiyecheka, alitupanga mstari akatuambia mlinzi atakayemsumbua mgeni kwa picha au sauti atapanda ndege kabla ya mgeni. Nikaenda kwa dobi wa hoteli, Mhindi, anifundishe kuomba salamu kwa Kihindi.

Siku yenyewe, alasiri, nikapangiwa mlango wa mizigo. Nilikasirika sana. Kule hupita vitunguu, samaki na mafundi wa AC, na sheria ni moja: asiye na beji anaandikwa kitabuni, anakaa, anasubiri mwenyeji wake.

Akaja mzee mwenye kipara, miwani minene na ndara, nyuma yake mwanamke aliyebeba mfuko wa nguo. Nikamwomba kitambulisho. Mwanamke akafungua mdomo, mzee akamzuia kwa mkono. Hakuwa nacho. Akaandika kitabuni polepole, nami nikamwonyesha kiti cha plastiki, karibu na mleta vitunguu. Alikaa dakika kumi bila kulalamika.

Supavaiza akaja mbio.

"Ssebo, bwana wewe! Unajua huyo umemkalisha hapo ni nani? Kapita huku kukwepa mashabiki!"

Nikasoma kitabu. Jina lilikuwa lake. Kwenye nafasi ya kazi aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayetafuta ajira: ACTOR, mwigizaji.

Kihindi chote kikanitoka kichwani. Mzee akanigusa bega, akaingia lifti ya mizigo pamoja na vitunguu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Kilichonizuia kuitoa nimwombe salamu ni aibu, si woga, naomba hilo lieleweke.

Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote, hata kipara. Nilidhani atanitukana.

"Hukumjua? Uso wote ule tuliokuwa tukiutazama?"

"Amezeeka, mama."

"Na mimi unadhani nimekaa vilevile nakungoja? Ukija, utaniomba kitambulisho?"

"Wewe nitakujua kwa sauti."

Asubuhi nikaenda kuomba likizo. Supavaiza akauliza sababu, nikamwambia mama yangu amezeeka, na mimi sijui kiasi gani.