Siku Baba Alipowafikisha Wote

Harufu ya tangawizi iliyoungua hunirudisha Hyattsville, Marekani, majira ya baridi nilipokuwa na miaka minane. Baba alikuwa akibandika chai, mawazo yanamchukua, sufuria inakauka mbele ya macho yake. Aliwahi kufundisha falsafa Morogoro. Huku aliwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea, na Jumamosi mchana alitufundisha watoto Kiswahili kwenye chumba cha chini cha kanisa. Habari za paka na meza hakuzitaka. Alitaka utu, haki, mambo yasiyoshikika, nasi tukimtumbulia macho. Mimi nilitaka aniangalie tu.

Darasa likiisha, baba ndiye aliyewarudisha watoto ambao wazazi wao walikuwa kazini. Alimfikisha kila mmoja mlangoni, wala haondoki mpaka afunguliwe. Jumamosi moja ya theluji aliwafikisha wote sita. Mimi nilikuwa chooni. Nilipotoka, gari halikuwapo.

Mama Wanjiru, Mkenya aliyekuwa akiosha vikombe, alinivika koti lake. "Wacha kulia, atarudi. Huyo daddy yako akili huwa mbali, lakini si mtu mbaya." Nililia hata hivyo. Watoto wa watu aliwakumbuka, wa kwake hakumkumbuka, na jambo hilo liliniuma kuliko baridi.

Alirudi baada ya nusu saa, anahema, kofia hana. Nilikataa kumwamkia.

"Ulikuwa unafikiria nini?" nilimuuliza.

"Somo la wiki ijayo."

"Somo gani?"

"Upendo," alisema. Hakujitetea. Baba yangu, mtu mzima wa Kitanzania, alinipigia magoti mimi mwanawe, Mama Wanjiru akitazama, kwenye sakafu iliyolowa theluji. "Nisamehe, mama." Nikamwamkia, ingawa nakiri hasira haikuisha siku ile.

Siku hizi anaishi kwangu, mjini Columbia, si mbali na Hyattsville, na chai napika mimi. Asubuhi namwambia shikamoo, naye anatazama dirishani kana kwamba sijaingia. "Mom, he's not even listening," binti yangu husema. Zamani ningenuna nikaondoka. Sasa navuta kiti, nakaa karibu naye. Mara nyingine nusu saa nzima hupita kabla hajageuka, akaniona, uso ukamchangamka.

"Marahaba, mama. Umefika lini?"

Namwambia nimefika sasa hivi.