Dawa ya Bi Pindo Ilikuwa Kooni

Nguo iliyotoka mikononi mwa Bi Pindo ilitambulika kwa ndani kabla ya nje. Mteja alipokuja kuichukua, hakuonyeshwa kwanza kola wala vifungo. Bi Pindo aliigeuza ndani nje, akaivuta mishono kwa vidole viwili, akamalizia kwa kulikagua pindo, ndipo akasema, “Chukua, haina aibu.” Kwa tabia hiyo mtaa ulimbatiza jina, na lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho, likipumzika.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye cherehani mbili za kukanyaga zilizotazamana. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake, aliyefanya naye kazi tangu usichana wao. Sebuleni, nyuma ya ukuta, lilikuwa eneo la mumewe, mwalimu mstaafu aliyeongoza kwaya kwa kinanda na kifimbo cheusi, chembamba, laini kama kilichopakwa mafuta. Bi Pindo alikitamani kifimbo kile kwa sababu za kikazi: hakukuwa na kitu bora cha kugeuzia mshipi mwembamba, ndani uwe nje, baada ya kushonwa. Kila alipokiomba, Mwalimu alimjibu, “Hiki kinaongoza sauti, mke wangu. Hakigeuzi mishipi.”

Mdogo wake alipofariki, Bi Pindo aliifunika ile cherehani ya pili kwa shuka jeupe, akaendelea na kazi. Baada ya muda mwili ukaanza kumgeuka. Angekuwa anakata kitambaa, mchana kweupe, mara moyo uanze kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa, viganja viloe jasho, pumzi ikatike. Hospitali walimpima moyo, damu na tezi, wasione kasoro. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akamwambia ni ugonjwa wa wasiwasi, akampa vidonge.

Vidonge vilifanya kazi, tena kupita kiasi. Moyo ulitulia, lakini na akili nayo ikatulia kama maji ya ndoo. Alisahau mkasi alipouweka, akasinzia juu ya cherehani. Siku moja mkunga wa mtaani, mteja wa miaka mingi, aliirudisha blauzi yake mpya akiwa ameikunja kwa heshima.

“Bi Pindo, dada yangu, kazi ni safi. Ila mikono yote miwili ni ya kushoto.”

Bi Pindo aliigeuza ndani nje, akatazama, asiamini macho yake.

“Labda ulijua nina mkono mwingine nimeuficha,” mkunga akatania, ili kumpunguzia uchungu. Walicheka wote wawili, lakini mkunga alipoondoka Bi Pindo alishika tama hadi jua likahama dirishani.

Habari hazikuchelewa kumfikia binti yake wa kwanza, karani wa bandari, mwanamke asiyeficha neno. Alikuja akiwa bado na sare ya kazi.

“Mama, umeshona vya kutosha. Hii cherehani nitaichukua nikakae nayo kwangu. Wewe pumzika.”

“Nipumzike na nini? Nimeumwa moyo, sijakatwa mikono.”

“Na ukisinzia sindano ikakupitia kidole?”

“Basi tatizo ni vidonge, mwanangu, si cherehani. Twende kwa daktari, mimi na wewe, ukasikie kwa masikio yako.”

Daktari aliwasikiliza wote wawili. Akaeleza kwamba vidonge vile havikatizwi kwa pupa. Hupunguzwa kidogo kidogo, mgonjwa akiangaliwa. Akaongeza kwamba hospitali ilikuwa na mtaalamu wa tiba ya muziki, na kwamba kwa ugonjwa kama ule muziki ungeweza kushika nafasi ambayo kidonge kingeiacha. “Sisemi muziki unatibu kila kitu,” alisema. “Mwenye kisukari simwambii aache sindano akapige ngoma. Lakini kwako nina matumaini. Moyo ukianza tena na ukakataa kutulia, unarudi kwenye dozi ya zamani bila ubishi.”

“Na ukirudi kwenye dozi ya zamani,” binti akadakia, “cherehani inakuja kwangu.”

“Sawa,” akajibu Bi Pindo. Wala sauti yake haikutetemeka.

Mwalimu aliposikia neno muziki, hakungoja kufahamiana na mtaalamu. Alifuta kinanda, akavuta kiti, akamwita mkewe sebuleni kama anayefungua shule. “Muziki, mke wangu? Tiba umeolewa nayo!”

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mwalimu wa kwaya pekee ndiye angeweza kulifanya. Kwa mazoea ya maisha yake yote, wimbo uliokosewa haukuruhusiwa kuendelea. Bi Pindo aliimba mstari. Kifimbo kikagonga ukingo wa kinanda. “Umeshuka. Tunarudia.” Akaimba tena, kifimbo kikagonga. “Umeingia mapema. Tunarudia.” Kila kifimbo kilipogusa mbao, moyo wa Bi Pindo uliruka. Kabla ya ubeti kwisha, viganja vilikuwa vimeloa.

Mwalimu akahitimisha kwamba mgonjwa amekosa wa kumshikilia sauti. Kesho yake alileta sauti ya pili nzima: wanawake wa kwaya, wakiongozwa na dada yake mwenyewe, wakajipanga mbele ya kochi.

“Wifi, wewe utufuate sisi tu,” alisema huyo dada kwa furaha. “Tumekuja kukutibu!”

“Mnanitibu au mnanisaili?” aliuliza Bi Pindo, akihema. Kifimbo kilipogonga mara ya kwanza, aliinuka, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango.

Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kidonge kilikuwa mfukoni, na mezani palikuwa na pazia refu lililosubiri mshono. Alikaa, akaweka mguu kwenye kanyagio kwa kuwa hakujua pa kuuweka kwingine, gurudumu likazunguka. Ndipo koo lake lilipokumbuka jambo. Yeye na marehemu mdogo wake walikuwa na mvumo wao wa kazi, usio na maneno, walioutumia kwenye mapazia na mashuka ili mkono usiharakishe. Mmoja alivuma pumzi moja tangu mshono ulipoanza hadi pumzi ilipokwisha, polepole, mwenzake akapokea. Tangu msiba, Bi Pindo hakuwa ameuvuma hata mara moja. Alidhani ukimya ndiyo heshima.

Akavuma. Sauti ilitoka na kutu, chini ya pale ilipostahili kuwa. Hakuna aliyegonga. Alipofika mwisho wa pumzi alinyamaza kiasi cha zamu ya mdogo wake, kisha akavuma tena. Pazia lilipofika upande wa pili wa meza, moyo ulikuwa umerudi mahali pake, kidonge kikiwa mfukoni vile vile.

Walipokwenda tena hospitali, safari hii na Mwalimu, mtaalamu wa muziki alimshika Bi Pindo kifundo cha mkono ahesabu mapigo, akampa nafasi ya kuvuma. Akatabasamu. “Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo,” alisema. “Na wimbo bora kwa mgonjwa ni ule wake mwenyewe, usio na mtu wa kuusahihisha.” Mwalimu akakohoa, akatazama picha ukutani kwa umakini usio wa kawaida.

Dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Akili ya Bi Pindo ikaamka, na mkasi ukaanza kuonekana pale ulipowekwa. Kilipobaki kipande kidogo tu cha kidonge, kwaya iliamua kushona majoho mapya, na Bi Pindo akaichukua kazi hiyo bila kupepesa jicho. Binti akasema naye ataikagua.

Siku ya kujaribisha majoho, chumba cha mbele kilijaa wanakwaya, na binti akaja kukagua kama alivyosema. Dada wa Mwalimu, katika kutafuta pa kuweka mkoba, alilivuta lile shuka jeupe. Cherehani ya pili ikabaki uchi, uzi wa marehemu ukiwa bado kwenye tundu la sindano.

Bi Pindo aliuona ule uzi. Moyo ukaondoka kasi, pumzi ikakatika. Binti alikwisha kufungua mkoba, kidonge mkononi.

“Mama, meza. Tafadhali.”

Bi Pindo aliinua kiganja. “Kaa nacho hapo hapo. Nikikihitaji nitakiomba.”

Akakaa kwenye cherehani yake, akaweka mguu kwenye kanyagio, akavuma. Sauti ilianza vizuri, kisha ikashuka, ikashuka wazi mbele ya kwaya nzima. Wote wakamtazama Mwalimu. Kifimbo kilikuwa kimeinuka chenyewe, kwa mazoea. Kikabaki hewani, halafu kikashuka polepole, kikaingia kwapani. Pumzi ya Bi Pindo ilipokwisha, ikafika ile nafasi tupu ya zamu ya mdogo wake, Mwalimu alivuma. Alivuma pale pale chini alipomkuta mkewe, pamoja na kasoro yake, akamrudishia zamu.

Wakapokezana hivyo hadi rangi ikarudi usoni mwa Bi Pindo. Akamgeukia binti yake. “Rudisha hicho mkobani. Sasa kagua kazi.”

Binti alichukua joho la juu, akaligeuza ndani nje kama alivyofundishwa utotoni. Akavuta mishono kwa vidole viwili. Akapima mikono. “Kulia,” alisema. “Kushoto.” Akachukua la pili, na la tatu, akafika pindo. Mwisho akakunja na kuweka chini.

“Hayana aibu,” alisema kwa sauti ndogo. “Cherehani ibaki. Na nina sketi ya sare imenibana, mama, sijui utanipa nafasi lini.”

“Wewe panga foleni kama wateja wengine.”

Kicheko kilipotulia, Bi Pindo alikusanya mishipi ya majoho, iliyokwisha kushonwa ila haijageuzwa, akanyoosha mkono kuelekea kwa mumewe. Mwalimu alikitoa kifimbo kwapani, akakifuta kwa leso, akamkabidhi. Kisha akavuta kiti cha cherehani ya pili, akakaa, akauliza mshipi unashikwa upande gani.