Nilimlinda Anifa Kama Mkorosho Wenye Maua

Anifa alipoanza kuanguka tena, nikaanza kumtafuta mchawi.

Nikampata. Tulieni kwanza.

Huyu Anifa ni mjukuu wangu, miaka kumi na nne, ana kifafa toka mdogo. Vidonge anameza asubuhi na jioni, hakosi. Alikuwa na miezi mitano salama, mama yake Esha akasema, "Ukifika Januari hujaanguka, unaenda bweni Lukuledi."

Mtoto sare kashashona!

Nesi Ethel wa kliniki akamwongezea kitu. Siyo kidonge. Alale chali, avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa sita, mwili aulegeze mpaka vidole vya miguu. "Wasiwasi nao unamchokoza," akasema. "Ila dawa asiache."

Kuhesabu nikajitwisha mimi.

Sasa mimi mkulima wa korosho, hapahapa Chiungutwa. Mkorosho ukitoa maua hukai. Unapita, unarudi, unachungulia kama ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoua maua, umeingia. Basi nikamlinda hivyohivyo.

Yuko jikoni, nipo. Kaenda bombani, nipo nyuma na baiskeli.

"Anifa, umepumua?"

"Babu, nisipopumua si nimekufa!"

Mwezi wa tisa akaanguka. Wiki haijaisha, tena.

Sare ikarudi sandukuni.

Nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Nikamtaja jirani Abdulatifu, masikini, kosa lake kukohoa uani kwetu.

Esha akasema, "Baba, kliniki kwanza."

Nesi akaniamkia, akamgeukia mtoto. "Dawa?"

"Nameza."

"Usingizi je?"

Anifa akanitazama. "Babu ananiamsha. Mara nne, mara tano. Anasema amka tuhesabu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Baba, kukosa usingizi huko ndiko kunamwangusha."

Jamani. Mchawi kavaa kofia yangu.

"Panda kitandani," nesi akaniambia. "Anifa, mhesabie babu."

"Moja, mbili... Babu, shusha mabega! Huo mwili au gogo?"

Kabla ya vidole vya miguu nikakoroma. Foleni nzima ikanicheka.

Abdulatifu nilimwomba radhi. Akasema, "Pumua kwanza, halafu uombe vizuri."

Januari ilimpita Anifa. Alikwenda bweni Julai, hajaanguka tena toka siku ile ya kliniki.

Wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani, nawaambia: vidonge visikatike, kupumua ajifunze, na akilala mwacheni alale.

Mimi bado nashtuka, naketi, nataka kumwita. Kitanda chake kitupu, yuko bweni.

Basi nahesabu peke yangu. Nne. Sita.