Jani la Katikati

Simwamini mtu yeyote anayeusifu mti wangu. Ni tabia niliyoipata hapa Naro Moru na sioni sababu ya kuiacha. Mtu akisimama langoni aseme, "Mama, hii mti yako ni maridadi sana," mimi hutazama kwanza mikono yake, halafu mfuko wa koti.

Mti wenyewe ni wa jamii ya mtende, ingawa hauzai tende wala kitu kingine cha kutia mdomoni. Ni wa kufurahisha macho tu. Majani yake yamekunjuka kama kiganja, na rangi yake ni buluu iliyochanganyika na majivu. Mche niliununua kwenye maonyesho ya kilimo, ukiwa mdogo kama kidole. Muuzaji aliniambia umetoka nchi za jangwa huko ng'ambo lakini unavumilia baridi. Nikadhani ananidanganya, maana baridi inayoshuka hapa kutoka mlimani huchoma hata viazi. Kumbe alisema kweli. Alichosahau kuniambia ni kwamba unakua polepole kiasi cha kukutia wazimu. Watoto wangu wamemaliza shule, wameoa na kuolewa, na mti ndio kwanza unanifika kifuani.

Tena hauna matawi. Una moyo mmoja tu, pale juu katikati, na jani changa hutokea hapo likiwa limefungwa kama mwavuli. Ukikata jani kuukuu la pembeni, hakuna neno. Ukikata lile changa kwa chini, kisu kikaugusa moyo, umeua mti mzima. Na lile changa ndilo wanalolitamani watu wa kusuka misalaba ya Jumapili ya Matawi.

Sasa Kwaresima iliyopita, zamu ya kuikaribisha jumuiya nyumbani kwa sala ikaniangukia mimi, siku chache tu kabla ya Matawi. Wanawake wote wa kanisa ndani ya boma langu. Nilisali rozari jicho moja nimelifumba, la pili liko dirishani. Huyu anaenda choo, mbona anapitia upande wa mti? Yule ana kiondo kikubwa hivyo cha nini, kwani tumekuja kuvuna? Hata chai niliimimina nikiwa nimegeukia nje.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni jirani yangu. Si mtu mbaya. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alipopata kiharusi mwaka jana, upande wake wote wa kulia ukafa, na huyo mama alituletea uji kila asubuhi mpaka nikapata nguvu ya kupika mwenyewe. Lakini siku hiyo, wakati wa kuagana, alilishika lile jani changa akalipapasa.

"Hii ikisukwa itatoka poa," akasema. "Na wewe kila mwaka unakuja kanisa na tawi ya saiprasi, ati na uko na mti kama hii."

"Wacha ikae hapo ilipo," nikamjibu.

Akacheka. Mimi sikucheka. Mzee naye alikuwa kitandani kando ya dirisha, mahali anaposhinda siku nzima mpaka nimwinue, akitusikia. Siku hizo alikuwa hasemi mengi.

Jumapili alfajiri nilienda kukama. Niliporudi na ndoo, kumepambazuka, mti hauna jani la katikati. Lilikuwa limekatwa vibaya, limetafunwatafunwa na kisu butu, tena karibu kabisa na moyo. Nilishikwa na hasira, maziwa yakamwagika miguuni. Niliingia ndani nikipiga kelele kwamba wameniulia mti, na kwamba huyo mwizi nikimpata, kanisa lote litajua jina lake leo. Mzee alinitazama tu, blanketi limemfika kidevuni. Nikamwekea chai karibu, nikavaa, nikatoka mbio.

Nilijua buluu ile haifichiki. Nilisimama mlangoni pa kanisa nikikagua mikono ya watu mmoja mmoja. Kijani, kijani, saiprasi, kijani tena. Jirani alipofika na jani lake, la kijani vilevile, akaniona mikono mitupu, akalipasua katikati na kunipa nusu. Nililipokea nikijiambia moyoni, huyu anajiosha. Nikaimba hosana na wenzangu huku macho yanamsaka mwizi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mzee kwenye benchi, nje ya mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nimemwacha kitandani. Ndala zake zilikuwa na matope, na magotini alikuwa na jani la buluu.

"Nani amekuleta hapa?" Nilichungulia nyuma ya mlango. Nilichungulia hata kwa jirani.

"Mimi," akasema. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa taabu. Akainua jani kwa mkono wa kushoto. "Yako. Ya kanisa."

Alikuwa amelikata nikiwa kwa ng'ombe, ili anipe nikiingia. Nami nikaingia nikitukana, akalificha chini ya blanketi.

Bado sikuamini. Nilikuwa nimemwinua mtu huyu kwa mikono yangu mwaka mzima, najua uzito wake.

"Simama nione," nikamwambia.

Akaliweka jani kando. Akashika fremu ya mlango kwa mkono mzima, akakaza meno, akasimama. Alitetemeka mwili wote na jasho likamtoka, lakini alisimama. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akidhani mzee ameaga dunia.

Mti haujatoa jani jingine tangu siku hiyo. Huenda umekufa, huenda unajifikiria, huwezi kujua na miti ya aina hii. Kila asubuhi tunaenda kuuangalia. Yeye hutangulia na fimbo yake, mimi nyuma yake karibu, mikono tayari, kwa sababu ule mguu bado siuamini.